Baba anataka joho, kaka anataka saa za kuruka, na mimi sijaenda kwa daktari

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 20, wa pili katika watoto wanne. Nakuandikia usiku wa manane kwa sababu mchana nyumbani kwetu hakuna mazungumzo mengine ila haya yangu, na kila anayezungumza anazungumza kwa niaba yangu.

Tangu nikiwa mdogo nimetaka kuwa rubani. Sasa nimepata barua mbili. Moja inatoka chuo kikuu: shahada ya sayansi ya usafiri wa anga, miaka 4, na mafunzo ya kurusha ndege yamo ndani. Nyingine inatoka chuo cha urubani kisichotoa shahada: miezi 18, unaingia hujui kitu, unatoka na leseni ya rubani wa biashara. Chuo kikuu kinataka jibu na malipo ya kushikilia nafasi ndani ya wiki 5.

Baba anastaafu mwaka huu. Amesema kiinua mgongo chake chote ni changu, na kisipotosha ataweka nyumba rehani. Sharti lake ni moja tu: iwe shahada. Baba aliacha shule babu alipofariki ili awasomeshe wadogo zake. Wadogo zake wote watatu wana picha za joho ukutani kwetu. Yeye hana. Hajawahi kulisema hilo, lakini nimeishi chini ya zile picha miaka 20.

Kaka yangu naye hataki kusikia habari ya shahada. Yeye anayo, ya biashara, na kwa miaka 3 sasa anafanya kazi ambayo haikuhitaji hata cheti. Anasema: "Ndege haikuulizi umepata daraja gani, inakuuliza una saa ngapi." Anasema pia kwamba miaka 2 na nusu nitakayookoa ni miaka ya mshahara, na mshahara huo ungewasomesha wadogo zetu wawili. Wiki iliyopita yeye na baba walirushiana maneno mpaka mama akazima taa ya sebuleni ili watu walale.

Mama hasemi ni wapi niende. Amesema jambo moja tu, tena jikoni, kwa sauti ya chini. Nikiwa na miaka 17 nilizimia shuleni siku ya gwaride. Tulikuwa tumesimama juani muda mrefu na sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilizinduka nimelazwa kivulini. Hatukwenda hospitali, na haijatokea tena. Mama akaniambia: "Fomu ya daktari ikiuliza, hujawahi kuzimia. Mdomo uliponza kichwa." Sijapima afya bado. Nimekuwa nikijiambia nitapima nikishachagua chuo. Navaa miwani pia, ingawa si mizito.

Nikuambie na la mwisho, usinicheke. Sijawahi kupanda ndege ndogo. Nimepanda ndege ya abiria mara moja, nikakaa dirishani, nikalia wakati wa kupaa na sikujua ninalilia nini. Yaliyobaki yote nimejifunza kwenye mchezo wa kurusha ndege wa kompyuta. Najua kwa kichwa hatua za kuwasha injini za ndege ambayo sijawahi kuigusa.

Niambie, Mama: shahada au chuo cha urubani? Nikimsikiliza baba namuudhi kaka, nikimsikiliza kaka namvunja baba moyo, na wiki 5 zimeshakuwa 4.

Wako,
Binti wa Dirishani

JIBU

Marahaba mwanangu. Sikucheki hata kidogo. Aliyekaa usiku akikariri hatua za kuwasha injini ya ndege isiyokuwepo amefanya kazi ambayo wengine huanza kuifanya baada ya kulipa ada.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali uliloniuliza, shahada au chuo cha urubani. Mara ya pili nikaona kwamba swali hilo umeliandikia kurasa, ila gwaride umeliandikia mistari michache, tena katikati, mahali ambapo mtu huficha kitu anachotaka kionekane. Kwa hiyo niruhusu nianzie hapo. Ya baba na kaka tutayafikia.

Unasema utapima afya ukishachagua chuo. Hebu tuugeuze mpangilio huo tuone. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambazo nchi nyingi zimejengea sheria zake, anayerusha ndege kibiashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Anakitoa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, si daktari yeyote. Anaangalia macho, masikio, moyo, damu, mkojo, na anauliza habari za maisha yako yote ya nyuma. Ni shughuli ya siku moja, na gharama yake ukiilinganisha na ada ya mwaka mmoja wa urubani ni kama nauli ya kwenda kuiangalia nyumba kabla ya kuinunua. Kuna wanafunzi waliokwenda kupima wakiwa wameshalipa na wameshaanza kuruka, wakagundua huko kwamba hawatambui rangi fulani. Pesa ilikuwa imekwenda.

Miwani isikukoseshe usingizi. Marubani wengi wanavaa miwani, mradi tu macho yakisaidiwa nayo yaone kwa kiwango kinachotakiwa, na mtu awe na miwani ya akiba kazini.

Kuzimia ni jambo jingine, na hapa nataka kusema na mama yako kupitia kwako, kwa heshima zote. Namwelewa. Anaogopa neno moja lisije likafunga mlango ambao familia nzima inausukuma. Lakini anadhani daktari anasikia neno "kuzimia" na kupiga muhuri wa kukataa. Mtu aliyeanguka mara moja, juani, na tumbo tupu, baada ya kusimama muda mrefu, ni habari moja mbele ya daktari wa anga. Mtu anayeanguka mara kwa mara pasipo sababu inayojulikana ni habari nyingine kabisa. Ya kwanza mara nyingi huulizwa maswali, pengine huongezewa vipimo vya moyo, halafu hutolewa uamuzi. Uamuzi wenyewe sitautabiri, kwa kuwa si wangu. Ninachojua ni kwamba kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la kisheria, na hata cheti kikitoka, kinaweza kufutwa siku yoyote ukweli ukijulikana, pamoja na kazi iliyojengwa juu yake. Na fomu hiyo si ya mara moja. Rubani wa biashara kijana hupimwa upya kila mwaka. Kila mwaka, mwanangu, ungeketi mbele ya daktari na kulirudia neno lile lile la jikoni.

Halafu kuna jambo ambalo halina sheria ndani yake. Wewe mwenyewe hujui kwa nini ulianguka siku ile. Unadhania ni njaa na jua, na huenda ni kweli. Je, hungependa kujua kabla hujawa na watu 150 nyuma ya mgongo wako? Ninashuku, nisamehe kama nimekosea, kwamba unaahirisha kipimo kwa sababu ukiwa hujapima bado wewe ni rubani. Ninaielewa hofu hiyo. Ila wiki 4 zinamtosha mtu kupanga miadi, na ada ya kushikilia nafasi ingelipwa kwa moyo mwepesi zaidi majibu yakiwa mkononi. Unaweza hata kuwaandikia chuo kikuu ukaomba siku za ziada kwa sababu unasubiri cheti cha afya. Ombi la aina hiyo si geni kwao.

Sasa shahada.

Kaka yako amesema kweli, lakini si kweli yote. Leseni haiulizi shahada. Kanuni za kimataifa zinataka leseni ya rubani wa biashara apewe mtu aliyefikisha miaka 18, mwenye saa 200 za kuruka, au 150 kama amefuata kozi iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Leseni ya juu kabisa, ile ya unahodha wa ndege kubwa za abiria, inataka miaka 21 na saa 1,500. Joho halimo. Hata waajiri wamekuwa wakilegeza: shirika la ndege la Delta la Marekani liliondoa sharti la shahada ya miaka 4 kwa marubani wake mwaka 2022.

Lakini Marekani hiyo hiyo inatoa mfano wa upande wa pili. Mwezi Februari 2009 ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Bunge likabadilisha sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege kule anatakiwa kuwa na saa 1,500. Ila aliyehitimu shahada ya usafiri wa anga katika chuo kilichoidhinishwa, akajifunzia kuruka humo humo, anaruhusiwa kuanza na saa 1,000. Kule shahada imegeuzwa kuwa saa 500, na hilo kaka yako hakulitaja. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa tayari wamevuka saa 1,500. Ndiyo maana mabishano kuhusu sheria hiyo hayajaisha mpaka leo.) Ulaya nako mtu anaweza kuingia kiti cha rubani msaidizi akiwa na saa mia mbili hivi. Kwa hiyo swali la "shahada ina faida gani" halina jibu mpaka kwanza useme utafanya kazi chini ya mamlaka ipi, na waajiri wa huko wanaandika nini kwenye matangazo yao ya kazi. Yakusanye matangazo 10 uyasome. Yatakuambia mengi kuliko sisi wote.

Kuna kitu kingine nyinyi watatu mmekichukulia kuwa kinajulikana, kwamba shahada yenye "mafunzo ya kurusha ndege ndani yake" itakufikisha kwenye leseni ya biashara. Huenda. Shahada za namna hii hazifanani. Nyingine zinakupeleka mpaka leseni ya biashara, ruhusa ya ndege za injini mbili na ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani hata mawinguni usipoona nje. Nyingine zinaishia leseni ya rubani binafsi, ile ya kuruka kwa raha zako bila kulipwa, na kinachobaki unajilipia kando baada ya kuhitimu. Zipo na zile ambazo ni nadharia tupu, usimamizi wa viwanja na mashirika, na picha nzuri ya ndege kwenye jalada. Chukua barua yako utafute sentensi inayosema utatoka na leseni gani, kwa saa ngapi, na nani anabeba gharama ukihitaji saa za ziada. Wengi huzihitaji. Kozi inaweza kuahidi saa chache kabla ya kuruka peke yako, lakini mvua, upepo, ndege kuwa gereji na mwalimu kuhama vinakula muda na pesa. Mashirika yanapoajiri kwa wingi, wa kwanza kuondoka ni walimu wa urubani, kwa kuwa nao walikuwa wanakusanya saa tu.

Swali hilo hilo kiulize na kile chuo cha miezi 18. Miezi 18 ni ahadi ya mahali ambapo kila kitu kinakwenda sawa. Waulize waliomaliza mwaka jana walitumia miezi mingapi, na ukiweza waulize hao waliomaliza wenyewe, wakiwa mbali na ofisi ya usajili.

Kaka anapiga hesabu ya miaka 2 na nusu ya mshahara. Hesabu yake inachukulia kwamba leseni ikitoka leo, kazi inaanza kesho. Kati ya saa mia mbili na saa ambazo waajiri wengi wanazitaka kuna shimo, na katika shimo hilo watu hufundisha wanafunzi wengine, hubeba mizigo usiku, hurusha wapiga picha na waruka kwa miavuli, kwa malipo madogo au kwa kusubiri. Na leseni mpya haikai kabatini kama cheti cha shule: kwa mfumo wa Ulaya, ruhusa ya kuruka kwa vyombo inaisha baada ya mwaka mmoja usipopimwa tena. Kusubiri nako kunalipiwa. Aliyetoka na leseni mwanzoni mwa 2020, korona ilipoingia, na aliyetoka miaka minne kabla yake walifanana kwa jambo moja: wote wawili waliziona ndege zimeegeshwa. Ilikuwa hivyo pia baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, na baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Kazi hii huja kwa mawimbi, na hakuna anayejua wimbi litakuwa wapi siku atakayohitimu.

Baba atasema, ndiyo maana nataka shahada, iwe kinga. Nakubaliana naye nusu. Shahada ya sayansi ya usafiri wa anga inanyeshewa na mvua ile ile inayozinyeshea ndege. Kama kinga ndiyo shabaha, ipo njia ya tatu ambayo sijaiona kwenye barua yako: shahada ya kitu kingine unachokipenda, hesabu, uhandisi, kompyuta, na urubani ukausoma kipande kwa kipande kando yake au baada yake, ukilipia kila hatua ukishaifikia. Ni njia ndefu, inachosha, na mtu anaweza kupotelea katikati kwa kukosa pesa au muda. Ila ukikwama, unakuwa umekwama na kitu mkononi, na nyumba ya wazazi haimo kwenye hesabu.

Hapo kwenye nyumba sitapita haraka. Baba ametoa kiinua mgongo chote, na rehani juu yake. Una wadogo wawili shuleni, na wazazi ambao mwaka huu mshahara unakoma. Simwambii baba asikupe, hilo ni lake na ni kubwa. Lakini je, mmewahi kukaa na karatasi mkaandika: ikiwa itachukua mwaka mmoja zaidi, nani analipa? Ikiwa cheti cha afya kitapotea mwaka wa tatu, nani analipa? Zipo bima za kupoteza leseni, ila nyingi zina masharti kuhusu magonjwa ya nyuma, na hapo tena tunarudi kwenye gwaride. Kwa njia yoyote mtakayochukua, kama inawezekana msilipe ada yote kwa mkupuo. Vyuo vya urubani vimewahi kufungwa milango vikiwa na pesa za wanafunzi, na mwanafunzi husimama kwenye foleni ya wadai nyuma ya benki. Lipeni kwa hatua, na someni sehemu ya mkataba inayohusu kurudishiwa pesa kabla ya kusoma ile yenye picha.

Unasema ukimsikiliza mmoja unamuumiza mwingine. Mimi naona baba na kaka hawabishani juu yako sana. Baba anazungumza na kijana aliyeacha shule msibani. Kaka anazungumza na siku aliyovaa joho akadhani mambo yamekwisha. Wote wanakupenda, na wote wanatumia miaka yako kusahihisha ya kwao. Sijui kama umewahi kumuuliza baba swali dogo: angependa picha yako iwe ukutani hata kama si ya joho, bali umesimama kando ya ndege ukiwa umetoka kuruka peke yako kwa mara ya kwanza? Pengine atasema hapana. Pengine hajawahi kuulizwa. Na kaka, mbali na hasira yake, ana kitu unachokihitaji. Anajua ladha ya kungoja kazi. Muulize miaka hii mitatu imemfanyia nini, halafu umsikilize bila kutetea upande wowote. Mama naye aliyezima taa asiachwe jikoni, maana nadhani kati ya wote yeye ndiye aliyeiona hatari halisi, ila amependekeza dawa mbaya.

Limebaki lako. Hujawahi kupanda ndege ndogo. Vyuo vingi vina somo la kujaribu, la nusu saa au saa moja, ambapo mgeni huketi kiti cha kushoto na mwalimu kulia, na akishafika juu anaachiwa usukani kidogo. Ndege ndogo ina joto, kelele, harufu ya mafuta, na inayumba kwa namna ambayo kompyuta haiwezi kuiga. Wapo walioshuka wakiwa wametapika na wakarudi kesho yake. Wapo walioshuka salama wakagundua kwamba walichokipenda ni dirisha. Sisemi wewe ni yupi. Na ujue kazi yenyewe, mbali na kupaa, ina kuamka saa tisa usiku, kulala hotelini siku ya harusi ya dada, na kupimwa kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, mara 2 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, mpaka unafika miaka 65 ambayo kanuni za kimataifa zimeiweka kuwa mwisho kwa safari za kibiashara za kimataifa. Kuna watu ambao maisha hayo yanawafaa kama glovu ya mkono wao. Aliyekariri hatua za injini usiku peke yake huenda ni mmoja wao.

Kwa hiyo usiniulize bado ni barua ipi uijibu. Una wiki 4: daktari, na ukweli wote wa gwaride mezani kwake, somo moja la kujaribu, sentensi ile ya leseni kwenye barua ya chuo kikuu, na jioni moja na baba mkiwa na karatasi ya hesabu. Baadhi ya majibu yatakuja yenyewe, mengine yatakukera.

Ukishaketi kiti cha kushoto, niandikie tena. Nataka kujua kama ulilia, na safari hii kama ulijua unalilia nini.

Mama Mshauri